Safari ya NAICCON Pamoja na Binti

Mzazi anayeombwa na mwanawe ampeleke NAICCON, kongamano la wapenzi wa katuni na michezo ya kompyuta jijini Nairobi, asikatae kwa haraka. Nami nilikataa, hata binti yangu aliponionyesha vazi aliloshona mwenyewe: joho la shujaa wa katuni za Kijapani, na mtandio wa samawati mfano wa nywele zake. Stara haikupungua.

Tulipanda treni Miritini, tukashuka Syokimau. Kateni tiketi za treni na za ukumbini mapema. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Ingieni na udhu, na msala mdogo mkobani. Vaeni viatu vya kutembelea, wekeaneni mahali pa kukutana, tengeni fedha za kununua kazi za wachoraji wetu. Msimpige mtu picha bila idhini. Vazi la ajabu si ruhusa ya kumgusa aliyelivaa.

Njiani kurudi, binti alinisimulia kisa kizima cha shujaa wake, mpaka Voi. Kwa muda mrefu tulikuwa hatuzungumzi ila salamu.