Masanduku na Madaftari: Kufundisha Uteuzi wa Hifadhidata

Sisi tunaofundisha somo la kompyuta tumezoea kuanza na majedwali yanayohusiana, kama alivyoyaeleza Edgar Codd mwaka 1970. Lakini wanafunzi wetu husoma pia kwamba yako makampuni yaliyoyaacha majedwali kwa baadhi ya kazi, yakashika hifadhi ya ufunguo na thamani. Mathalani Amazon, iliyoeleza mfumo wake wa Dynamo mwaka 2007. Nao hutuuliza: Je, nasi tuyaache? Swali hilo halijibiwi vema kwa mhadhara.

Hapa Bagamoyo tulitumia mfano wa posta. Kila sanduku lina namba yake. Mwenye namba hupata kilichomo, wala karani haulizi barua inasema nini. Basi tulipanga maboksi 40, kila moja likiwa na namba ya mtoto wa shule ya kubuni na karatasi yenye habari zake zote. Kando tuliweka madaftari matatu: la watoto, la vijiji na la mahudhurio, yakiunganishwa kwa namba.

Kwanza tuliagiza habari zote za mtoto namba 27. Kundi la maboksi lilishinda, maana lilifungua boksi moja tu, ilhali wenzao walipekua madaftari. Kisha tukauliza: ni watoto gani wa Mlingotini waliokosa shule siku tatu juma lililopita? Sasa wenye maboksi walilazimika kuyafungua yote. Mmoja wao akashauri kila kijiji kiwe na boksi lenye namba za watoto wake. Shauri jema, lakini mtoto akihamia Zinga, hapana budi kusahihisha maboksi matatu: lake, la Mlingotini na la Zinga. Likisahauliwa moja, kumbukumbu zitapingana. Katika daftari husahihishwa mstari mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua chombo, wanafunzi na waandike maswali yatakayoulizwa. Kikapu cha mnunuzi wa Amazon huulizwa swali lile lile, kwa ufunguo mmoja, mara nyingi mno; hapo sanduku lafaa. Shule ina maswali ambayo bado hayajazaliwa. Mtoto anayeanza kuacha masomo aghalabu hana mtu wa kuitaja namba yake. Huonekana pale tu mwalimu awezapo kuuliza habari za watoto wote kwa pamoja.