Sabufa ya Baba

Baba alipofariki, boksi lake la sabufa lilibaki Babati, ampu imeungua. Mama alitaka kuliuza. Nikamwomba asubiri likizo.

Transfoma ilikuwa nzima. Nikanunua IC mbili za TDA7294, nikaziunga kwa daraja. Spika ni omu 8, chini ya hapo zingeungua. Nilipowasha, fyuzi ikakata. Mgongo wa IC hiyo umeungwa na umeme hasi, nami sikuweka karatasi za maika: hitsinki ilipogusa kasha la chuma, ikawa shoti. Baba, fundi wa darasa la saba, alinifundisha kupima kwanza. Mimi wa masta nilikimbilia swichi.

Usiku wa pili besi ikatikisa vikombe kabatini. Mama akatoka jikoni. “Punguza, mwanangu, majirani wamelala.” Kisha akakaa.