Rakaa ya Tano

Mama na dada zangu, nakiri kosa. Nilitoka Migori kwenda Homa Bay kumzuru dada yangu, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi kwa kemotherapi. Katika Alasiri nikamwona akiinukia rakaa ya tano; nikamkemea, nikimdhania mzembe. Alilia.

Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa hizo huwadhuru pia bakteria wema wa matumbo. Na watafiti waliochunguza panya wamelihusisha dhara hilo na uchovu na usahaulifu. Kwa wanadamu uchunguzi ungali unaendelea. (Nami nilidhani tumbo ni la chakula tu!)

Nilirudi kumwomba radhi. Nikamkumbusha: asiyeweza kusimama huswali ameketi, mwenye shaka hushika idadi ndogo, kisha husujudu sijda ya kusahau. Adhuhuri ile niliswali mbele, naye ameketi nyuma yangu, asihitaji kuhesabu.