Ntambo ya Tatu Kutoka Barabarani

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kuniona nikibishana juu ya vina na mizani. Leo niruhusuni nizungumze juu ya baiskeli, ingawa nawaonya mapema kwamba safari yenyewe itatufikisha palepale penye ugomvi wetu wa kila siku: lipi ni neno la Kiswahili, na nani mwenye haki ya kulikataa.

Nilipostaafu nilinunua baiskeli ya mtumba, yenye gea na matairi mapana, kwa sababu daktari alinitisha kuhusu sukari. Baiskeli za namna hii sasa zina mchezo wao duniani, wa kwenda mbio katika barabara zisizo na lami. Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2021, pana mashindano ya Migration Gravel Race katika nchi ya Maasai Mara. Mimi sishindani na mtu. Nina miaka 66, na katika milima ya Mbinga mara nyingi ni mimi ninayeisukuma baiskeli kuliko yenyewe kunibeba.

Ukiiacha lami ukashika njia za kwenda upande wa Litembo, ndipo utakapotambua kwamba “barabara ya vumbi” ni jina lililotungwa na mtu aliyekuwa ndani ya gari. Aliye juu ya baiskeli huzijua barabara nyingi ndani ya hiyo moja. Changarawe iliyoshindiliwa huimba chini ya tairi. Iliyolegea, hasa kwenye kona, hukutupa. Kokoto hugonga ringi. Mfinyanzi mwekundu, wakati wa masika, hujaa kati ya gurudumu na uma mpaka ukaibeba baiskeli begani kama mzigo wa kuni. Kisha kuna vile vituta vidogo vilivyofuatana kama mgongo wa bati, ambavyo vimewahi kunilegezea jino la bandia.

Lakini jambo lililonitoa nyumbani mwezi Juni ni kosa la zamani.

Nilifika Mbinga mwaka 1986, mwalimu kijana kutoka Tanga, nikiwa na stashahada ya chuo cha ualimu, kalamu nyekundu, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Mtu wa pwani akipelekwa bara kufundisha Kiswahili hujiona kama mwenye mali aliyekuja kuwagawia maskini. Katika kidato cha pili palikuwa na binti wa Kimatengo, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Niliwapa insha, “Nyumbani Kwetu”. Naye akaandika, nakumbuka neno kwa neno: “Nyumbani kwetu ni ntambo ya tatu kutoka barabarani, na mama amechimba ngolo mpaka juu.” Nikakata “ntambo”, nikaandika “mlima”. Nikakata “ngolo”, nikaandika “matuta”. Kisha nikaisoma sentensi yake mbele ya darasa, kwa lafudhi ya kuigiza, nikacheka. Na darasa, ambalo robo tatu yake ni Wamatengo, likacheka pamoja nami.

Tangu siku ile insha zake zilikuwa fupi na safi. Hazikuwa na kosa hata moja, wala hazikuwa na kitu kingine chochote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba saa iliyofuata nilifundisha ngeli. Neno “ngeli” lenyewe limetoka katika Kihaya, kama vile “ikulu” ilivyotoka katika Kinyamwezi. Nililijua hilo, tena nilikuwa nikilisema kwa majivuno, kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyojua kukopa.

Ntambo ni nini? Jibu nimelipata kwa miguu. Unaanzia kijitoni, kwenye daraja la magogo. Unapanda, gea ya mwisho imekwisha, unashuka, unasukuma. Unapita migomba, kahawa, nyumba za ndugu wa ukoo mmoja, mashamba, hadi mgongoni mwa mlima. Halafu unateremka, breki zinalia, na huyo tena kijitoni. Kile chote ulichokivuka, kutoka maji hadi maji, pamoja na watu wake na mashamba yao, ndicho ntambo. Mlima ni kitu cha kutazama kwa mbali. Ntambo ina wenyewe. Binti yule alikuwa amenieleza, kwa neno moja, njia ya kufika kwao, na mimi nikamfutia njia.

Alinipokea uani, akianika kahawa. Ni bibi sasa, ana wajukuu.

“Shikamoo mwalimu. Umekuja na hicho chuma toka Mbinga?”

“Marahaba mama. Chuma ndicho kilichokuja na mimi.”

Nilimweleza kilichonileta. Akanyamaza, akiigeuza kahawa kwa viganja.

“Neno silikumbuki,” akasema. “Kicheko nakikumbuka.” Kisha, baada ya muda: “Ila mtihani ulitaka matuta, mwalimu. Nami nilitaka kufaulu.”

Sikuwa na la kujibu, na sidhani alikuwa akinifariji. Akanichukua shambani. Hapo nikaona kwa karibu nilichokipita kwa miaka mingi: mteremko mkali uliojaa vishimo vya mraba, vimepangana kama macho ya wavu, na maharage yaliyokauka juu ya kingo zake. Mvua zinapokaribia mwisho, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi zile. Kingo zikapandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo. Akaniambia niingize mguu. Shimo likanimeza hadi karibu na goti.

“Haya,” akasema, “hilo ni tuta?”

Usiku huo, nikiwa nimelala kwao, nilijaribu ubeti. Upokeeni ulivyo:

Nimepanda na kushuka, mlima haukukoma,
Gurudumu lazunguka, changarawe yanguruma,
Neno nililolizika, mbele yangu lasimama,
Mwalimu aliyecheka, leo ndiye anasoma.

Sikumsomea. Niliona haya, na pia “yanguruma” bado hainiridhishi.

Asubuhi nilirudi barabara kuu nikashuka Mbamba Bay. Sehemu hiyo ni lami, kilomita zaidi ya 60 kutoka Mbinga, na kwa mzee ni rehema tupu: ubaridi unakuacha, miembe inaanza, kisha Ziwa Nyasa linatokea chini yako, pana kama bahari ya kwetu Tanga. Kesho yake nikaifuata njia ya ufukweni kwenda Liuli, changarawe tena, na mchanga unaozamisha tairi karibu na vijiji vya wavuvi, harufu ya usipa walioanikwa ikinisindikiza. Pale Liuli pana mwamba majini ambao Wajerumani waliuona kama sanamu ya Misri, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Kwa jina hilo bandari iliingia katika habari za vita, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann. Wenyeji wanasema Liuli.

Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umekwisha kabisa. Nikampata fundi chini ya mwembe, kijana, Mnyasa wa palepale ufukweni. Akaukagua ule mpira, akautupa.

“Babu, umeteremka toka wapi hata ukaimaliza breki namna hii?”

“Upande wa Litembo.”

“Ah,” akasema, akitafuta spana, “kule kwenye ngolo.”

Hakuliwekea neno lile mkazo wala maelezo. Akanidai elfu mbili, nikalipa.