Ubini si Ukoo



Leo naomba tuuache kidogo uwanja wa vina na mizani, tuutazame ukurasa ambao wengi wetu huuruka tusomapo makala ya kitaaluma: ukurasa wa mwisho, ule wa marejeleo. Kwa sura unafanana na daftari la muuza duka, majina na miaka, koma na nukta. Lakini humo ndimo mwandishi anamolipa madeni yake. Aliyetajwa amelipwa, aliyeachwa amedhulumiwa. Je, aliyetajwa kwa jina la mtu mwingine, tumweke fungu gani?

Swali hili nililetewa nyumbani, hapa Mkunazini, na binti wa jirani yangu, ambaye anasoma shahada ya uzamili. Alikuwa ameandika makala juu ya fasihi ya Unguja na Pemba, akaipeleka kwenye jarida moja la ng'ambo, nayo ikarudishwa. Hoja zake hazikuguswa. Walitaka marejeleo tu yapangwe upya kwa mtindo wa APA: jina la ukoo kwanza, koma, kisha herufi za mwanzo za majina yaliyobaki, halafu mwaka ndani ya mabano.

"Mwalimu," akaniuliza baada ya shikamoo, "Haji Gora Haji jina lake la ukoo ni lipi?"

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekwa. Sisi wengi wa visiwani hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoikusudia wao. Tuna ubini. Mtu hutaja jina lake, akalifuatisha la baba yake, kisha la babu yake; ni ngazi ya nasaba, na mwenye nyumba husimama mlangoni, mbele ya wazee wake. Wako kwetu wenye nisba, kina Barwani na kina Mazrui, na hao mfumo hauwasumbui. Lakini malenga wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga iliyotoka mwaka 1994, akiandikwa "Haji, H. G.", msomaji hudhani amemwona mshairi mwenyewe. Kumbe, kwa desturi yetu, Haji aliyewekwa mbele ya koma ni babu, na mjukuu amebaki nyuma kwa herufi moja.

Tukaendelea kuipitia orodha yake. Walikuwamo Mohamed Suleiman Mohamed wa Nyota ya Rehema (1976) na Said Ahmed Mohamed wa Utengano (1980). Hawa ni waandishi wawili, mikono miwili, lakini katika orodha wakawa "Mohamed, M. S." na "Mohamed, S. A.", wamekaa bega kwa bega kama ndugu wa tumbo moja. Mtindo wenyewe umeliona tatizo la namna hii, ndiyo maana unaagiza herufi za mwanzo zitajwe hata ndani ya matini pale waandishi wawili wanapolingana jina la mwisho. Hapo hapo yumo Mohamed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, aliyetupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Yeye ni "Abdulla, M. S.", kwa hiyo herufi zake ni zile zile za Mohamed Suleiman. Majina yote matatu yana Mohamed ndani yake, lakini kwa mmoja ni jina lake mwenyewe, kwa wa pili ni lake na la babu yake pia, na kwa wa tatu ni la babu peke yake. Herufi za mwanzo haziwezi kumweleza msomaji hayo.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi. Mwanamke wa kwetu haachi jina lake anapoolewa. Alilopewa siku ya saba ndilo analokwenda nalo kaburini. Sasa mtazame Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 ni wasia wa mama kwa bintiye. Akipitishwa katika tundu la sindano hiyo hutoka "Mshamu, M. K.". Neno "binti" limeanguka, jina lake limekatwa, na anayekutana naye hapo kwa mara ya kwanza hana njia ya kujua kwamba aliyetunga ni mwanamke. Baba amepewa kazi ya mwanawe.

Siulaumu mtindo wenyewe. Ulianza mwaka 1929, kama mwongozo wa kurasa saba katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani, ukatungwa na watu wenye majina ya ukoo kwa ajili ya wenzao. Tena una faida: utaratibu mmoja humwezesha msomaji aliye mbali kukipata kitabu kile kile ulichokishika wewe. Lakini utaratibu si lazima uwe huo mmoja. Waislandi, ambao nao wengi wao hutumia ubini, walikuwa wakipanga hata kitabu chao cha simu kwa majina ya kwanza, na hawakupoteana.

Wala sisi hatukungoja mwaka 1929 kujifunza kutaja chanzo. Katika vyuo vyetu vya Kurani, mwenye ijaza husoma mlolongo wa walimu wake, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Na washairi wetu wa kale, wengi wao, walipofika tamati walijitaja katika beti za mwisho, jina na mji, ili shairi lisafiri na hati yake.

Tulifanya hivi. Tuliufuata mpangilio wa jarida, maana mgeni hapangi vyombo vya mwenyeji. Lakini alimwandikia mhariri barua fupi akaomba majina ya waandishi wa Kiswahili yaandikwe kamili badala ya herufi za mwanzo, kama yalivyo kwenye majalada, na "binti" na "bin" zibaki. Mhariri akakubali. Katika programu yake ya kupangia marejeleo, ambayo hutenga kisanduku cha jina la kwanza na cha jina la mwisho, alichagua kisanduku kimoja kwa wale ambao majina yao hayakatiki. Mwisho akachagua jina lake mwenyewe la kutumia maisha yote, akajiandikisha ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote atakapochapisha.

Nanyi, malenga wenzangu, nawasihi mambo mawili. Wahariri wa majarida ya Kiswahili, ambako mwenyeji ni sisi, tuandike majina kamili na tupange kwa jina la kwanza. Na kila mtunzi achague namna moja ya kuliandika jina lake. Mwandishi wa Kuli na Vuta N'kuvute hupatikana kama Adam Shafi, kama Adam Shafi Adam na kama Shafi Adam Shafi. Mwanafunzi wa mbali anaweza kuhesabu watu watatu, akagawa sifa za mtu mmoja mafungu matatu.

Wabillahi taufiki.