Neno 'tawa' lilivyonifungua macho

Je, msomaji, umewahi kufungua riwaya, ukasoma ukurasa wa kwanza hadi wa tatu, kisha ukagundua kwamba hujaelewa lolote ila majina ya wahusika? Kama hujawahi, una bahati. Kama umewahi, basi keti tuzungumze, kwa maana mimi nilifika huko kabla yako na nikachekwa na darasa zima.

Ilikuwa mwaka 2009, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana hapa Nairobi. Kitabu chetu cha mtihani kilikuwa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1980. Sisi tulikuwa watoto wa mjini. Kiswahili chetu kilikuwa cha Gikomba na cha ndani ya matatu, kikichanganywa na Sheng na lugha za mama zetu. Tulipokutana na Kiswahili cha visiwani, pamoja na mambo ya nyumba za Kiislamu za pwani, tulikuwa kama wageni waliofika arusini bila kujua bwana arusi ni nani.

Siku moja mwalimu alitueleza kwamba Maimuna, binti wa Maksuudi, alikuwa ametawishwa. Hakufafanua, pengine alidhani twajua. Jioni nilifungua kamusi yangu ndogo nikatafuta 'tawa'. Maana ya kwanza niliyoiona ilikuwa chombo bapa cha kukaangia chapati. Kumbe! Si hiyo hiyo iliyoning'inia jikoni kwetu? Nikaifunga kamusi nikiwa nimeridhika kabisa.

Wiki iliyofuata tulipewa jaribio. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba Maksuudi alikuwa katili kiasi cha kumchoma bintiye kwa tawa. Mwalimu alilisoma jibu hilo mbele ya darasa. Wenzangu walicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa hasira nilinunua mwongozo. Wewe uliye mwanafunzi unaijua miongozo hiyo vizuri. Humo nilisoma kwamba kutawishwa ni kuwekwa ndani. Nikakariri. Nikakariri pia sifa za kila mhusika na maudhui yote kwa nambari. Alama zangu zikapanda, naye mwalimu akanisifu. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejua majibu bila kukijua kitabu.

Aliyenitoa gizani hakuwa mwalimu. Nyumba yetu ilikuwa Shauri Moyo. Upande wa Majengo, Pumwani, aliishi nyanya mmoja mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeuza mahamri na mbaazi za nazi alfajiri. Kila Jumamosi mama alinituma kwake. Siku hiyo nilikwenda na kitabu kwapani.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Chuo gani hicho umekumbatia?"

Nikamwambia ni cha mtihani. Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado na kidonda moyoni, nikamwuliza: "Nyanya, kutawishwa ni nini hasa?"

Aliacha kugeuza mahamri. Alinitazama, kisha akasema polepole: "Mimi nilitawishwa."

Alinisimulia kwamba alipofika umri wa miaka 12 aliachishwa masomo ya Kurani, akawekwa ghorofani. Hakutoka mchana. Hakuonekana na mwanamume yeyote isipokuwa maharimu wake, yaani wale ambao dini haimruhusu kuolewa nao, kama vile baba, ndugu na mjomba. Barabara aliijua kwa kuchungulia dirishani. Alisema haikuwa hivyo kwa kila nyumba, kwani maskini angemtawishaje binti ilhali yeye ndiye wa kuteka maji na kwenda sokoni? Binti kukaa ndani kulikuwa ni heshima, na pia kulikuwa ni kuonyesha kwamba baba ana uwezo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwongozo haukunieleza. Maksuudi hakuwafungia mkewe na bintiye kwa ukali tu. Alikuwa akilinda sura yake mbele ya watu. Ule mlango uliofungwa ulikuwa sehemu ya cheo chake.

Nyanya alisoma Kiarabu vizuri, lakini herufi zetu hizi hakuzijua. Tukapatana. Mimi nisome kwa sauti, yeye anieleze. Jumamosi baada ya Jumamosi tuliketi barazani, mahamri yakiisha kuuzwa, nami nikasoma.

Msomaji, hungeamini jinsi kitabu kilivyobadilika! Mimi nilidhani 'Biti' ni jina la kwanza la Biti Kocho, yule mtumishi wa nyumba ya Maksuudi. Nyanya akaniambia ni 'binti' lililofupishwa, na kwamba pwani mwanamke aliweza kuitwa hivyo, binti wa fulani, hadi uzeeni. Nilidhani majina mengine yalichaguliwa kwa kupendeza tu. Yeye, kwa Kiarabu chake, akaniambia Maimuna ni mwenye baraka. Tamima, jina la mama mtu, lina mzizi mmoja na 'timamu', yaani kutimia. Maksuudi ni ndugu wa neno letu 'kusudi'. Sasa fikiria: msichana aitwaye mwenye baraka anatoroka nyumbani bila kuijua dunia, akaangukia katika mabaa na madanguro ya mjini. Mama aitwaye aliyetimia anapewa talaka. Na anayetenda hayo jina lake linakaribiana na makusudi.

Tulipofika kwenye talaka ya Tamima, Nyanya aliniomba nisome tena. Mimi niliyezoea habari za mahakama nilidhani talaka ni karatasi. Alinieleza kwamba neno la mume linatosha, na kwamba likishatamkwa, maisha ya mke yanaingia katika hesabu nyingine iitwayo eda. Aliyefiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi. Aliyeachwa hungoja twahara tatu, na mwenye mimba hadi ajifungue. Nilikuwa nimelisoma neno hilo katika hadithi nyingi za pwani na kulipita kama mtu apitaye jiwe njiani.

Siku tuliyomaliza kitabu, Nyanya alinyamaza kwa muda. Kisha akanieleza lililobaki la maisha yake. Alitoroka akiwa na miaka 19 na kijana aliyempenda, wakapanda gari la moshi hadi Nairobi. Babake aliapa kutomwona tena, na hakumwona. Nyanya alirudi Mombasa siku ya matanga. Ndipo majirani walipomwambia kwamba mzee huyo, miaka yote hiyo, kila jioni alikuwa akiketi kwenye baraza inayotazama njia itokayo stesheni.

"Alinifungia mlango," akasema, "na mwenyewe akabaki nje. Utengano si wa mtu mmoja, mjukuu wangu."

Niliporudi nyumbani nilikumbuka somo la sarufi lililokuwa likinichosha, lile la kauli za vitenzi. Piga, pigana, mapigano. Shirikiana, ushirikiano. Tenga, tengana, utengano. Ile '-an-' katikati ya neno inataka watu wawili. Mtu mmoja hawezi kupigana peke yake, wala kutengana peke yake. Jina la kitabu lilikuwa limeniambia hivyo tangu jaladani, nami nilikuwa nimelibeba muhula mzima bila kulisikia.

Na kwa nini lilinigusa? Kwa sababu kwetu kulikuwa na jina lisilotajwa. Dada yangu mkubwa alipata mimba mwaka 2007 akiwa kidato cha nne. Baba alimfukuza, naye akaenda kwa shangazi Nakuru. Tangu siku hiyo tulikula, tukasali na kusherehekea Krismasi kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Sote tulisema dada ametengwa. Hakuna aliyesema kwamba baba naye alikuwa haongei tena mezani, na kwamba aliacha kuimba asubuhi akinyoa ndevu.

Jioni hiyo baba aliniuliza, kama ilivyokuwa desturi yake, nilikuwa nimesoma nini. Nikamweleza maana ya jina la kitabu. Nikamweleza pia habari ya yule mzee wa barazani. Dada sikumtaja. Baba alizima redio, akaenda kulala kabla ya taarifa ya habari. Usiku kucha niliogopa kwamba nimemuudhi.

Mwezi wa Aprili 2010 aliniita uani, akanipa pesa. "Mtumie dadako nauli," akasema. "Aje na mtoto."

Sitakudanganya kwamba riwaya ndiyo iliyomgeuza baba. Huenda alikuwa amechoka na alitafuta tu njia ya kurudi. Ninachojua ni kwamba kama ningebaki na maana ya mwongozo, 'utengano ni hali ya kuwa mbalimbali', nisingekuwa na la kumweleza jioni ile.

Mtoto yule ndiye ananisumbua siku hizi. Likizo ya Agosti 2025 alinijia na Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi, akiwa ameuzungushia wino mwekundu karibu kila mstari. Alidhani 'nguu' ni 'nguvu' iliyokosewa na mpiga chapa! Nilipomwambia kwamba nguu ni kilele cha mlima, alinyamaza. Kisha akauliza: "Sasa jadi inapandwaje kama mlima?" Sikumjibu. Nilimwambia akasome, kwa kuwa swali hilo lilikuwa bora kuliko jibu langu.

Kwa wewe uliye katika hali kama yake, nina machache ya kukushauri. Kwanza, soma sura nzima kabla ya kukimbilia kamusi. Weka alama kwa penseli kisha uendelee, kwani maneno mengi hujieleza ukurasa wa pili. Pili, ukifungua kamusi usishike maana ya kwanza kama nilivyofanya mimi. Jaribu kila maana ndani ya sentensi, na isiyokaa iache. Tatu, livunje neno. Tafuta mzizi wake na viambishi vyake. Sarufi inayokuchosha darasani ni ufunguo.

Nne, yachunguze majina ya watu na mahali. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, mhusika mkuu anajulikana kama Kongowea Mswahili. Anayejua kwamba Kongowea ni mahali Mombasa, na jina lenye historia ndefu katika mji huo, huanza kusoma akiwa na kitu mkononi. Shaaban Robert naye aliita nchi yake Kusadikika mwaka 1951. Ukikumbuka kwamba kusadiki ni kuamini, umeshapata nusu ya utani wake.

Tano, na hili ndilo kubwa, tafuta mtu. Nchi yetu ina watu wa kila pembe, na Nairobi imewakusanya. Kamusi itakupa maana ya neno. Aliyeliishi atakupa uzito wake. Mwongozo uache uwe wa mwisho, baada ya wewe mwenyewe kusoma na kukosea.

Nawe mzazi, usiseme kwamba Kiswahili cha siku hizi kimekushinda. Mtoto akikuuliza eda ni nini, au mahari ya zamani ilipelekwaje, zima televisheni nusu saa umjibu. Huenda ukagundua kwamba naye anajua jambo la nyumba yenu ambalo hamjapata kulitaja.

Nyanya alifariki mwaka 2014. Nakala yangu ya Utengano ninayo hadi leo, ina madoa ya mafuta ya mahamri kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpwa wangu alipoiona alisema imechafuka, akataka kuninunulia mpya. Nilimwambia aketi kwanza nimwonyeshe kila doa lilikuwa la neno gani.