Maji Kwanza, Hospitali Baadaye

Hapa kwetu Mbweni, pwani ya Dar es Salaam upande wa kaskazini, shule hufunguliwa mwezi wa Januari, nayo ndiyo miezi ya kaskazi, joto lizidipo kuliko nyakati nyingine za mwaka. Watoto hutoka likizoni miili imelegea, na mara hupelekwa uwanjani kukimbia na kucheza mpira. Kwa hiyo sisi walimu twaona yafaa kunena habari ya hatari ambayo watu wengi waidharau, nayo ni kupigwa na joto.

Wako wadhanio ya kuwa mtu wa pwani hadhuriki na joto, maana amezaliwa humo. Wengine hudhani ya kuwa adui ni jua tu, na jua likishatua hatari imekwisha. Sivyo. Mwili wa mtu akimbiaye hufanya joto lake wenyewe, kama tanuru, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutiririka. Hupoza kwa kukauka. Hewa ikijaa unyevu, kama hii yetu, jasho hudondoka chini bure, na joto husalia ndani.

Ushahidi tunao. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia huko Doha, mji mkuu wa Qatar, mbio ndefu za wanawake zilianzishwa saa sita ya usiku ili kulikwepa jua. Walianza wakimbiaji 68, wote hodari. 28 hawakumaliza, na baadhi yao walichukuliwa kwa viti vya magurudumu. Jua halikuwako, bali joto na unyevu vilikuwako. Hata Alphonce Simbu wa Tanzania, aliyeshinda mbio hizo za wanaume mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, alikimbia siku ambayo wenye mashindano walitanguliza mwanzo kwa nusu saa kwa kuogopa joto. Ikiwa mashujaa wa dunia hubadilishiwa saa, je, watoto wetu tuwakimbize saa nane za mchana?

Basi mtu akipigwa na joto, utamjuaje? Dalili kubwa ni akili. Huyumba kama mlevi, hujibu maneno yasiyo na maana, hukasirika bila sababu, husahau mno mpaka akashindwa kusema yuko wapi. Kisha huanguka, pengine hutetemeka kama mwenye kifafa, au huzimia kabisa. Usingoje ngozi yake iwe kavu, maana mkimbiaji aweza kuwa amelowa jasho na huku ndani joto limepita digrii 40. Wala usiamini sana kipimo cha kwapani, maana chaweza kukudanganya.

Hapo ndipo mambo huharibika. Wenzake humzunguka wakimpepea kwa fulana. Mmoja humtia maji kinywani, naye hajitambui, maji yakaweza kumpalia. Mwingine huleta vidonge vya homa, navyo havifai neno kwa joto la namna hii. Mwingine husema amepagawa. Na wenye huruma kuliko wote hukimbilia gari. Gari ni jambo jema, lakini kutoka Mbweni mpaka Muhimbili ni zaidi ya kilomita 20, na njia ya Bagamoyo kila mtu aijua kwa msongamano. Mgonjwa huyu yafaa apozwe katika nusu saa ya kwanza, maana kadiri joto likaavyo ndani, ubongo, ini na figo vyaharibika. Akipakiwa ndani ya gari lenye joto, nusu saa hiyo itakwisha njiani.

Kwa hiyo waganga wa siku hizi husema: mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Katika mji wa Falmouth huko Marekani, ambako hufanywa mbio kila mwaka katika mwezi wa Agosti, waganga walitibu watu 274 waliopigwa na joto kwa muda wa miaka 18, wakiwatia katika maji ya barafu papo hapo. Hakufa hata mmoja.

Nasi twaweza. Mtazame kwanza kama anapumua. Asipopumua, mbonyezeni kifua na kuita msaada. Akipumua, mpelekeni kivulini, mvueni viatu na nguo nzito, mkamtie katika pipa lililokatwa au beseni kubwa la maji mpaka shingoni, mtu mmoja akimshika kichwa kisizame. Yakorogeni maji daima. Kama hakuna chombo, watu wanne washike pembe za turubai au tanga la mashua, alazwe katikati, amwagiwe maji na barafu. Barafu wavuvi wetu wanayo kila siku kwa ajili ya samaki. Hata maji matupu ya kisima ni bora kuliko kupepea. Huku mwingine atafute gari, na mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi na akili kumrudia, atolewe na kupelekwa hospitali, hata kama asema amepona.

Kwa wasichana, mama na walimu wa kike wasimame na khanga kumsitiri. Haya ni jambo la heshima, lakini isiwe sababu ya kuchelewa.

Heri kinga kuliko tiba. Mazoezi na yafanywe alfajiri au jioni, yaanze kidogo kidogo kwa muda wa siku 10 hata 14 mpaka mwili uzoee. Maji ya kunywa yawe karibu. Na aliyetoka kuugua homa asikimbie. Mtoto akisema amechoka, asichekwe.

Wazazi na viongozi wa mitaa, kabla ya filimbi ya mchezo ujao kupigwa, ulizeni mambo matatu: pipa liko wapi, barafu iko wapi, na nani ameagizwa kuyashughulikia? Kama hakuna ajibuye, mchezo na ungoje.